Bibi Harusi wa Vipanga

"Sitoki! Nimesema sitoki, na hata ukipiga hicho kikombe mezani mpaka kivunjike, sitoki!"

"Kikivunjika utanunua kingine. Naona siku hizi una bei."

Loice Nakhisa alikiweka kikombe chini taratibu, kwa kuwa kilikuwa chake mwenyewe na alikipenda. Ilikuwa Jumamosi, asubuhi inakaribia kwisha. Binti yake Nabangala, mfungaji namba moja wa timu ya mpira wa pete ya Vipanga, alikuwa ameketi katikati ya sebule yao ya Mengo, kanga kifuani, nywele hazijaguswa, miguu yake mirefu imetandazwa zuliani utadhani leo hakuna mechi. Mechi ilikuwapo, tena ya nusu fainali, saa nane mchana, na gari la timu lingepita kumchukua wakati wowote.

"Hebu nieleze tena," Nakhisa alisema. "Blandine akija nimwambie nini?"

"Mwambie sichezi mpaka aniongeze mshahara. Timu ya Ngome wananipa mara mbili ya hapa. Fadhul amesema nikae tu nyumbani, nisiguse mpira, Vipanga watachoka wenyewe waniachilie."

"Fadhul ni nani?"

"Wakala."

"Wakala wa nani?"

"Wangu."

"Tangu lini?"

Nabangala alitazama kucha zake. "Tangu juzi."

"Juzi!" Nakhisa alimgeukia mumewe, aliyekuwa kwenye kiti cha dirishani. "Baba Nabangala, unasikia? Mtoto wetu ana wakala wa tangu juzi."

Wangila aliuza vipuri vya magari Nakivubo siku zote za juma, na Jumamosi alitaka kitu kimoja tu, kukaa kimya. Alilipandisha gazeti mpaka usawa wa macho. "Nasikia. Ila nasoma."

"Hilo ni gazeti la jana."

"Sikulimaliza."

Nakhisa aliachana naye. Yeye alikuwa ofisa ununuzi katika kiwanda kimoja cha mikate, na alikuwa na diploma ya kazi hiyo. Unga, hamira, sukari, mafuta, vyote vilipita mikononi mwake vikiwa bado maneno kwenye karatasi. Watu walimwogopa kidogo, naye hakuona ubaya wowote katika hilo. Kilichomuuma ni kwamba siku Nabangala aliposaini na Vipanga, alisainia juu ya boneti ya gari uwanjani, akicheka na wenzake, na mama mtu aliuona mkataba wiki moja baadaye ukiwa umekunjwa ndani ya kiatu.

"Mwaka jana," alisema, "kulikuwa na bwana mmoja wa unga. Tulikubaliana bei, tukapeana mikono, akatia sahihi. Bei ya ngano ilipopanda sokoni, akaanza kuzuia malori. Leo limeharibika, kesho dereva anaumwa. Unajua nilimfanya nini?"

"Ulimfukuza. Umeshatusimulia mara nyingi."

"Na sasa ninaye mwingine kama yeye, anakunywa chai yangu."

"Mimi si unga, mama!" Nabangala alisimama, na aliposimama sebule ilipungua. "Unga hauvunjiki goti. Mimi nina miaka mingapi ya kucheza? Nikiumia kesho, Vipanga wataniletea maua na juisi, na keshokutwa wamepata mwingine. Na umeusoma mkataba wewe mwenyewe. Wao wanaweza kuniacha kwa notisi ya mwezi mmoja. Mimi siwezi kuwaacha wao mpaka msimu uishe, hata kwa notisi ndefu kiasi gani. Hiyo ni haki?"

Nakhisa alikuwa amekiona kipengele hicho, na kilimkera hadi akapoteza hamu ya kula siku ile. Angekuwa yeye mezani, kisingepita.

"Na nilisaini nikiwa wa akiba," Nabangala aliendelea, kwa kuwa alimwona mama yake amenyamaza, jambo ambalo halikutokea kila siku. "Nilikuwa nabeba chupa za maji. Sasa mabao yote yanatoka mkononi mwangu, mshahara ni ule ule wa kubeba chupa. Januari Madamu Blandine aliniambia, kwa mdomo wake, 'Tutakaa tuliangalie.' Januari imekwenda. Hatujakaa, hatujaangalia."

"Hapo ana haki," Wangila alisema nyuma ya gazeti.

"Wewe si ulikuwa unasoma?"

"Nimefika mwisho wa ukurasa."

"Haki anayo," Nakhisa alisema. "Nani amekataa? Lakini mkataba huo huo unasema mchezaji asipotokea kwenye mechi bila ruhusa, anakaa nje mpaka msimu uishe. Ukikosa leo, Nabangala, umekosa yote. Hutacheza nusu fainali, hutacheza fainali, na hao Ngome watanunua nini? Mtu anayejua kulala?"

"Fadhul amesema hawatathubutu."

"Fadhul atakuwa amekaa wapi wakati wewe unathubutiwa?"

Nabangala alitabasamu. Nakhisa alilijua tabasamu hilo. Alikuwa nalo yeye mwenyewe, na watu wa unga walikuwa wakiliogopa.

"Mama. Wewe si ndiye mshika mlango wa Wabukusu wote wa Kampala?"

Wangila alilishusha gazeti. Hili alitaka kulisikia.

Ilikuwa kweli. Hakuna harusi ya watu wa kwao iliyofanyika mjini bila Nakhisa kuitwa. Siku upande wa bwana harusi wanapokuja kumchukua bibi harusi, wanawake wa upande wa kike hufunga mlango, na mmoja wao husimama nyuma yake kudai. Mahari imekwisha kukubaliwa, ng'ombe wamekwisha kuhesabiwa, wazee wamekwisha kula na kushiba, lakini mlango haufunguki mpaka kitu kipitishwe chini yake. Wageni nje huimba, hubembeleza, hulalamika kuwa jua linawaua. Nakhisa ndani hukataa. Alikuwa na sauti ya kukataa iliyofika barabarani. Mara moja, kule Katwe, alimsimamisha bwana harusi mpaka mafundi wa karakana jirani wakaacha nyundo zao wakaja kumchangia.

"Bei imekwisha kukubaliwa," Nabangala alisema, "na wewe unafunga mlango na kudai nyongeza. Watu wanacheka, wanakulipa, wanakusifu. Mimi nikifunga wangu, naitwa bwana wa unga. Nieleze tofauti."

"Ni tofauti."

"Nieleze basi."

"Ile ni mila."

"Na hii ni kazi. Nieleze."

Nakhisa alitafuta jibu. Alijua liko mahali fulani, kama mtu anavyojua miwani iko ndani ya nyumba, lakini kabla hajalifikia honi ililia chini barabarani. Nabangala alikimbilia chumbani akajifungia. Viatu vya mwanamke vikaanza kupanda ngazi, kwa haraka ya mtu aliyeacha gari likinguruma.

"Hodi! Mama Nabangala, ni mie Blandine! Tunachelewa!"

Madamu Blandine, meneja wa Vipanga, alikuwa Mkongo wa Bukavu, mwanamke mfupi mwenye sauti tamu na moyo wa chuma. Aliijenga timu ile tangu ikiwa na mpira mmoja. Nakhisa alimheshimu, na hakuwa tayari aingie akute mfungaji wake yuko kwenye kanga siku ya nusu fainali. Alihitaji dakika chache za kumvalisha yule mtoto, kwa maneno au kwa nguvu. Mkono wake ulikwenda kwenye komeo wenyewe. Ulipolisukuma tu, kitu kikamwingia, ile raha ya harusi, na akaona hapana ubaya, wacha amchekeshe kidogo mama wa watu. Na kama kitu kingepita chini ya mlango, je, angekirudisha?

"Nani huyo anagonga kwa watu?" aliita kwa sauti yake ya mlangoni.

"Loice," Wangila alisema. "Loice, hapana."

"Ni Blandine, mama! Nimekuja kumchukua mtoto!"

"Mtoto gani? Hapa tuna ua moja tu, na ua letu halitoki bure!"

"Mama, sijaelewa."

"Utaelewa! Tumelilisha, tumelikuza, tumelisomesha. Leo mnakuja mikono mitupu mnataka kulibeba? Hatoki!"

"Unasema mtoto hatoki bila pesa?"

"Umesikia vizuri!" Nakhisa alikuwa ameuegemea mlango, akitabasamu mpaka masikioni. Sasa Blandine angepaswa kulia kwamba ametoka mbali, kwamba miguu inamuuma, kwamba hana kitu ila noti hii moja iliyochakaa. Yeye angeikataa noti. Wangeendelea hivyo.

"Bon, haya," Blandine alisema polepole. "Na hilo ndilo neno lenu la mwisho?"

"La mwisho kabisa!"

"Sawa, mama. Aksanti kwa kuniambia wazi."

Viatu vikageuka. Vikashuka ngazi, bila haraka safari hii.

Nakhisa alibaki na sikio kwenye mbao, akingoja. Milangoni kote alikopata kusimama, alikuwa amesema neno la mwisho hata mara nane kwa harusi moja. Hakuna aliyewahi kuliamini.

"Ameondoka," Wangila alisema kutoka dirishani.

"Hajaondoka. Anajifanya."

"Loice, yule ni mtu wa Bukavu. Kwao wana michezo yao, huu wetu ataujulia wapi? Umemwambia hatoki, akauliza kama ni neno la mwisho, ukamwambia la mwisho kabisa. Mimi mwenyewe ningeondoka." Aliinama dirishani zaidi. "Amefika kwenye gari. Anampa Ayaa wa akiba ile fulana ya mfungaji ya kuvaa juu ya jezi."

Mlango wa chumbani ulifunguka kwa kishindo. "Mama! Umefanya nini?"

"Nimefanya ulichonituma! Si ulisema nimwambie hutoki bila pesa? Nimemwambia. Tena kwa sauti nzuri."

"Lakini Ayaa hawezi kufunga! Ayaa anafumba macho akirusha!"

"Hilo linakuhusu nini? Wewe umegoma."

Nabangala alisimama katikati ya sebule mikono kichwani, na uso wake wote ukawa wa yule msichana wa miaka kumi aliyepigilia pete ya ndoo kwenye ukuta wa jirani na kukataa kuingia ndani mpaka giza. Nakhisa alimtazama, na jibu alilokuwa akilitafuta likaja, bila hata kuitwa.

"Nabangala. Nikiwa mlangoni kule kwenye harusi, bibi harusi huwa wapi?"

"Mama, sasa si wakati wa..."

"Yuko wapi?"

"Ndani."

"Amevaa nini?"

Nabangala alishusha mikono. "Gauni."

"Amevaa gauni, amepakwa, ameshika maua, amekaa kwenye ukingo wa kitanda akiniombea nisichelewe sana. Kila mtu ndani na nje anajua atatoka. Ndiyo maana tunacheka. Ndiyo maana mtu anakataa noti bila kuharibu ndoa. Lakini bibi harusi akiwa kwenye kanga, hajanawa uso, na kuna bwana mwingine nyuma ya nyumba anamwita, hiyo si kushika mlango, mwanangu. Hiyo ni kukataa ndoa. Inaruhusiwa. Watu hukataa ndoa. Lakini wanakataa kabla ya ng'ombe kufika, na wanasema." Alivuta pumzi. "Nakuuliza mara moja tu. Unataka kucheza au hutaki?"

"Nataka kucheza! Nataka pesa yangu na nataka kucheza!"

"Basi uko kwenye kanga kwa sababu gani?"

Nabangala alirudi chumbani mbio, na kilichosikika ni droo zikivutwa na kitu kizito kikianguka. Nakhisa alishuka ngazi na ndala miguuni, akipiga kelele zilizowatoa majirani milangoni. "Madamu! Madamu Blandine! Simamisha hilo gari!"

Gari dogo la timu lilikuwa limeanza kugeuka. Nakhisa alilisimamia mbele, mikono kiunoni, na dereva, ambaye alikuwa na akili, alizima.

Blandine alishuka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mama, mie nimekuelewa. Usinifuate kunitukana tena."

"Hukunielewa hata kidogo, na kosa ni langu. Ule ulikuwa mchezo wa harusi. Kwetu mlango hufungwa, mnabembeleza, tunafungua."

"Umesema neno la mwisho!"

"Neno la mwisho kwetu ni la kuanzia!"

Blandine alimkodolea macho. Ndani ya gari mtu aliangua kicheko, kisha wa pili, na kona ya mdomo wa Blandine ikaanza kumsaliti. "Banange, jamani," alisema kwa Kiganda cha sokoni, akijipepea kwa mkono. "Kwenye ngazi nimelia, mama. Nimelia kweli. Nikasema, huyu mtoto nimemlea, leo ananidai pesa mlangoni."

"Naye Nabangala huko juu karibu alie. Sasa nikwambie jambo ambalo si mchezo." Nakhisa alishusha sauti. "Januari ulimwambia mtakaa. Hamkukaa."

"Mfadhili wetu alijitoa, mama. Sikuwa na kitu cha kumpa. Nikaona haya."

"Ungemwambia hivyo hivyo. Ulipokaa kimya, mwingine akaja kuongea badala yako. Na lile la notisi ya mwezi mmoja, mnaweza kumwacha yeye lakini yeye hawezi kuwaacha. Mimi nanunua unga, madamu. Hata mfuko wa unga siwezi kuununua kwa karatasi kama ile. Liwe la pande zote mbili au lifutwe."

Blandine alifikiri. Hakuwa mtu wa kukubali jambo ili tu jua lisimchome. "Hilo haliniombi pesa," alisema mwishowe. "Hilo naweza. Ya mshahara, siahidi kiasi. Siwezi kusema uongo mara ya pili."

"Basi mpaka tupate kiasi..." Nakhisa alianza, na sauti ya mlangoni ilikuwa inamrudia, lakini Nabangala alikuwa amekwisha kufika, jezi mwilini, soksi moja juu na moja chini, viatu mkononi.

"Mama, nyamaza."

Majirani walivuta pumzi. Hata Wangila, juu dirishani, alilishika gazeti kwa mikono miwili.

"Madamu," Nabangala alisema, "leo nacheza. Na zote zilizobaki mpaka msimu uishe, hata usiponiongeza shilingi. Nilisaini mwenyewe."

Nakhisa alimkanyaga mguu. Ulikuwa mguu mtupu, naye alikuwa na ndala, lakini alimkanyaga. Mtoto gani anatoa kila kitu kabla ya mwenzake kutoa chochote?

"Lakini nina hasira na wewe," Nabangala aliendelea, akiuvuta mguu wake. "Nitacheza nikiwa na hasira. Msimu ukiisha naondoka, kama hatujakaa mezani tukazungumza kama watu wazima. Sitajificha tena chumbani."

"Jumatatu," Blandine alisema. "Njoo na mama yako. Kile kipengele nitakifuta mbele yenu. Ya mshahara nitawaonyesha kilichomo kwenye mfuko wa timu, mkione kwa macho. Kama ni kidogo, mtakiona ni kidogo."

"Nitakuja," alisema Nakhisa kabla hajaulizwa.

Ayaa alikuwa amechungulia dirishani mwa gari wakati wote huu, fulana ya mfungaji shingoni. Sasa aliivua kwa nguvu karibu ajinyonge. "Chukua, dada! Chukua haraka! Nilikuwa nimeanza kusali mvua inyeshe."

"Subiri kwanza." Nabangala aliweka viatu juu ya boneti, akatoa simu kiunoni, akapiga, akaweka sauti ya nje. Ikaita mara chache.

"Mrembo wangu!" Fadhul alisema, na wasichana wote garini wakajibana midomo. "Umelala? Endelea kulala. Hivi sasa wanahangaika."

"Niko kwenye gari la timu, Fadhul. Nakwenda kucheza."

"Unafanya nini? Nabangala, sikia. Mchezaji hana nguvu ila siku ya mechi. Ukicheza leo umejishusha bei."

"Huenda. Lakini huko Ngome wakininunua leo kwa kuwa nimevunja mkataba wa watu, kesho wataniwekea mlinzi. Waambie msimu ukiisha waje wazungumze, tena waje kwa mama yangu."

"Kwa mama yako? Mama yako anajua nini kuhusu michezo?"

Nabangala alimtazama mama yake, akamsogezea simu.

"Bwana Fadhul," Nakhisa alisema kwa upole mkubwa, "mimi sijui michezo. Mimi najua kununua. Uwe na siku njema." Akabonyeza kitufe chekundu.

Kelele zilizotoka ndani ya gari ziliwaamsha mbwa wa nyumba ya tatu. Blandine alifuta macho, akacheka, akapiga bodi la gari kwa kiganja. "Twende! Twende, tumechelewa! Wasije wakatushinda mezani kwa kukosa kufika!"

Nabangala alichukua viatu na fulana, akajikunja akaingia kiti cha nyuma. Nakhisa naye akaingia, bila kualikwa, ndala na yote, akajibana kati ya mfuko wa mipira na Ayaa.

"Mama, unakwenda wapi hivyo?"

"Nakuja kumwona huyo mwenye hasira akifunga. Sogea."

Dereva alitia gia. Wangila alipiga kelele kutoka juu kwamba hakuna chakula kilichopikwa, na hakuna aliyemjibu, kwa kuwa gari lilikuwa limekwisha kukata kona kuelekea bondeni, na kwenye kiti cha nyuma mfungaji wa Vipanga alikuwa ameinama, soksi zake zote mbili zimepanda sasa, akifunga kamba za viatu.